Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Zanzibar: wageni wa Mkunazini waulizwe vizuri

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mtembeza wageni Mji Mkongwe. Mgongo wangu umeshazoea dari ya vile vyumba viwili vya chini pale Mkunazini, kwenye lililokuwa soko la watumwa, ambamo mtu mzima hasimami wima. Nakuandikia kuhusu utafiti wa kujua wageni wanahisi nini pale, na namna ya kuwauliza.

Vichwa tunavihesabu: wangapi, wa nchi gani. Kilichowapata mle ndani ni habari nyingine, na kitabu cha wageni hakisaidii. Mtu anaandika "asante" kwa sababu mwenzake anaisubiri kalamu.

Mwaka jana nilipokea watoto wa skuli kutoka bara. Kijana mmoja akaangua kicheko chumbani, mwalimu akamkaripia. Tulipofika kwenye lile shimo lenye sanamu tano za watumwa alizozichonga msanii Clara Sörnäs, zilizovishwa minyororo shingoni, yule yule akanivuta kando: "Babu, waliowakamata walikuwa kina nani? Ni sisi wenyewe?" Nikababaika. Ningekuwa najaza fomu, ningeandika tu kwamba alicheka.

Na nikiri jambo. Sisi watembezaji tunayajua maneno yanayotoa machozi, na machozi hutoa bakshishi. Wapo wanahistoria wanaohoji kama vyumba vile viliwahi kufungiwa watumwa, au vilijengwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Ni wangapi kati yetu humwambia mgeni hilo? Sasa utafiti ukipima machozi, utakuwa unapima ufundi wetu wa kusimulia.

Ombi langu ni kwamba wageni wasiulizwe mlangoni, macho bado mekundu na mimi nimesimama pembeni. Waulizwe kesho yake, bandarini Malindi, wakisubiri boti, na aulize mtu wasiyemjua. Wenyeji waulizwe kwa Kiswahili, tena waachwe waseme. Ukimpa mtu wa hapa karatasi ya kutia alama kwenye huzuni, hasira au fahari, ataweka alama ili aondoke zake. Wengi wetu kinachotushika pale ni aibu, na hiyo kwanza mtu huizungukazunguka kwa mzaha, kama yule kijana. Watoto wa skuli wasisahaulike. Wao ndio huuliza yale ambayo wakubwa wameyameza.

Watafiti wakipatikana, mimi nipo pale kila siku kuanzia saa tatu asubuhi. Ila siku ya kwanza walipe kiingilio kama wageni wengine, wanifuate nyuma, na wasiniambie wao ni nani.

Wako mtiifu,
Mtembeza wageni, Mji Mkongwe