Mfupa usipounga tusikimbilie kusema ni uchawi

Mhariri, nimesoma ripoti yenu ya ajali za bodaboda hapa Malindi na nataka kuongezea jambo moja tu, kuhusu ile mifupa mirefu inayovunjika halafu haiungi. Watu wakiona mtu bado yuko na magongo mwaka mzima wanasema karogwa, au daktari hajui kazi, kumbe hii kitu inajulikana hospitalini siku nyingi. Madaktari wamezoea kusema asilimia 5 hadi 10 ya mivunjiko haiungi, ingawa utafiti mkubwa wa Scotland ulikuta karibu 2 kwa kila 100, yaani walio wengi wanapona. Lakini muundi, mfupa wa mguu chini ya goti, ndio msumbufu, hasa mfupa ukitoboa ngozi, maana pale mbele nyama ni kidogo na damu haifiki vizuri, na ajali za bodaboda nyingi ni huko huko miguuni.

Sasa kuna kijana jirani yangu, alijitoa plasta mwenyewe akawa anakandwa huku sigara haitoki mdomoni, na hakuna aliyewahi kumwambia sigara inazuia mfupa kuunga, ugonjwa wa sukari pia vilevile. Iliniuma sana. Naomba hospitali za kaunti zisimruhusu mgonjwa kwenda nyumbani bila kuelezwa haya kwa Kiswahili na kupewa tarehe ya kurudi kupigwa eksirei, na ikifika miezi sita mfupa bado unacheza apelekwe kwa daktari wa mifupa, asingoje mpaka mguu upinde.

Msomaji, Malindi