Barua kwa Mama Felix kuhusu matibabu ya kijana wake

Kondele, Kisumu

Mpendwa Mama Felix,

Natumai barua hii itakukuta salama huko Nakuru pamoja na jamaa wote. Sisi hatujambo, ila joto la huku ni lile lile unalolijua.

Umeniuliza kama Felix aendelee kwenda kwa mshauri nasaha anayedai kwamba kijana hataki kusaidiwa, eti kwa kuwa hamtazami usoni wala hajibu anapoulizwa anajisikiaje. Mimi ningesimamisha vikao hivyo hadi wewe uzungumze na mshauri huyo ana kwa ana. Watu wengi wenye usonji (autism) kama Felix hupata shida kuzitambua na kuzitaja hisia zao, na huo si ukaidi. Huenda Felix akahisi tumbo limemkaza asijue kwamba ni hofu. Basi aulizwe lile analoweza kulionyesha, kwa mfano ni wapi mwilini panapokaza, na akipenda kuandika kwenye simu badala ya kusema, aruhusiwe. Miongoni mwa ninaowahudumia wapo wanaokunja na kukunjua ncha ya leso kikao kizima, macho yakiwa sakafuni, nao hunieleza mengi kuliko wanaonikazia macho.

Kisha kuna suala la fimbo. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza adhabu ya viboko, lakini mwanao alichapwa kwa sababu aliziba masikio kengele ilipolia, na tangu hapo kelele na kipigo vimeshikamana mwilini mwake. Ukimketisha chini ya taa inayovuma, mbele ya mtu mzima anayemdai majibu, atakuwa anasubiri kuchapwa hata kabla ya salamu kwisha. Mwombe mshauri azime taa hiyo na kufungua pazia, aketi ubavuni mwake, amweleze mapema kikao kitakwendaje na kitaisha saa ngapi, asimguse bila idhini, na wakubaliane ishara ya mkono ya kusema inatosha. Hata zoezi la kufumba macho na kuvuta pumzi, ambalo sisi washauri tunalipenda mno, huwazidishia wengine hofu. Anaweza kutembeatembea badala yake.

Kuhusu ile tiba ya majeraha ya moyoni kwa kusogeza macho (EMDR) uliyosikia, iliyoanzishwa na Francine Shapiro nchini Marekani mwaka 1987, inawezekana kwa Felix ikiwa mtoaji amefunzwa kweli kweli, na si lazima afuatishe kidole kwa macho, kwani kugongwagongwa viganja kwa zamu hutumika pia, iwapo anavumilia kuguswa. Anayekuahidi kuuondoa usonji wenyewe, mwepuke.

Kabla hujaonana na mshauri, andika ni mambo gani Felix alikuwa nayo tangu utotoni na ni yapi yalianza baada ya kuchapwa. Kuyumbayumba anapofurahi ni kwa zamani, na kusiguswe. Kulikataa sweta la shule na kukosa usingizi Jumapili usiku kulikuja baadaye, na hapo ndipo penye jeraha. Orodha hiyo mwonyeshe Felix kwanza, arekebishe anapoona umekosea, halafu unitumie nakala.

Nisalimie Baba Felix.

Wako,
Mama Akinyi