Mwanangu, dozi unaendelea nayo?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeupata. Nimemwita dada yako anisomee ile habari ya roboti wadogo, polepole, maana yeye ndiye mtu wa maabara. Nikuulize kwanza: dozi unaendelea nayo? Habari za Marekani umejaza ukurasa, mguu wako mstari mmoja.

Habari yenyewe njema, sikatai. Kule San Diego watafiti walichukua mwani wa kijani, chembe isiyoonekana kwa macho, yenye mikia miwili ya kuogelea, wakaibandika vipunje vya dawa vilivyovikwa ngozi ya chembe nyeupe za damu; hao ndio roboti wenyewe. Wakaingiza kwenye mapafu ya panya wenye nimonia kali. Waliotibiwa walivuka siku 30, wasiotibiwa hawakuzidi siku 3. Na dawa yenyewe kiduchu! Kwa sindano ya mshipa ingetakiwa mara 3,000 zaidi ili ifanye kazi ileile. Hapo nilimwambia dada yako arudie.

Lakini ni panya, baba. Panya, tena mapafu. Wewe una chuma mfupani.

Daktari alitueleza sote wawili: wadudu wamejijengea utando juu ya kile chuma, kama utelezi wa ndani ya mtungi usiosuguliwa, dawa inapita juu kwa juu. Ndiyo maana ya dozi ya wiki 6. Dada yako anasema wako wengine, Pennsylvania, waliokokota punje za chuma kwa sumaku zikakwangua utando wa namna hiyo kwenye meno. Nadhani hicho ndicho kimekutia tamaa. Hayo yatakuja kwa wakati wake, na wewe utakuwa hai uyaone, ila kidonge cha leo jioni kinywe.

Ulipasuliwa mara mbili hukutoa sauti, nikawasimulia majirani mpaka wakachoka. Sasa vidonge ndivyo vikushinde? Kama vinakuvuruga tumbo, anza na uji.

Lile kopo la juu ya kabati, la vidonge vya rangi mbili vilivyokuwa vinabaki, halipo tena. Mdogo wako alikohoa mwezi uliopita, akapelekwa zahanati, akaandikiwa dawa yake mwenyewe akaimaliza. Ninyi wawili wa kwanza hamkupata bahati hiyo, najua.

Mbuzi kazaa mapacha, mmoja dhaifu, namnywesha kwa chupa. Bati la jikoni linavuja palepale. Baba yako anasema atapanda, simwamini na magoti yale.

Nitumie picha ya pakiti, nihesabu vilivyobaki. Nimeandika kwenye kalenda vinavyotakiwa kuwepo.

Unga wa ulezi na shuka lako la bluu vinakuja na basi la Alhamisi. Kama mguu umevimba usiende stendi, mtume mwenzako, na uniambie kwamba umevimba.

Mama yako