Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Haut-Katanga: "Sasa, Mwalimu, unalinda nini?"

Lubumbashi

Mheshimiwa Gavana,

Nakusalimu kwa heshima. Ninafundisha jeografia, na fizikia pale mwenzangu anapokosekana, katika shule ya sekondari ya komini (wilaya ya mji) ya Katuba. Nakuandikia mbele ya watu wote kwa sababu njia ya kawaida niliijaribu ikakwama kwenye meza ya kwanza. Niliingia ofisi moja hapa mjini na ramani ya vilima vya Luizi mkononi, nikiomba vilindwe. Bwana aliyenipokea akaitazama kidogo. "Kuna mukuba (shaba) pale?" Nikamwambia hapana. "Kobalti?" Hapana. Akanirudishia karatasi yangu. "Sasa, Mwalimu, unalinda nini?"

Swali lenyewe si baya. Niruhusu nilijibu hapa, maana siku ile hata kiti sikupewa.

Kaskazini mwa mji wetu, kilomita zisizozidi 180 kwa mwendo wa ndege, kwenye uwanda wa Kundelungu, kuna duara la vilima lenye upana wa kilomita 17 hivi. Linaitwa Luizi. Wanajiolojia walilijua zamani, ila chanzo chake kilibaki maneno ya kubishania. Mwaka 2011 Ludovic Ferrière na wenzake, akiwemo Lubala wa Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi, wakaandika katika jarida la Geology kwamba ni kreta, yaani shimo la pigo: jiwe kubwa kutoka angani lilipiga hapo. Ndiyo ya kwanza kuthibitishwa katika Afrika ya Kati nzima. Na duniani kote zilizothibitishwa ni kama 200 tu. (Kuna duara lingine linaloshukiwa karibu na Wembo-Nyama, lakini kushukiwa na kuthibitishwa ni mambo mawili.)

Picha ya kutoka juu hukuonyesha duara, haikuambii limetokea vipi. Volkano nayo huacha duara. Ilibidi watu wapande kule kwa miguu wakatazame mawe. Jiwe lililopitiwa na mshtuko wa namna ile hupasuka kwa mistari inayoanzia nchani na kuchanua, kama ufagio wa majani uliofungwa upande mmoja. Chembe za kwatzi (madini ya kawaida ya mchangani) ndani yake, ukiziweka chini ya hadubini, zina michirizi myembamba iliyojipanga sambamba. Volkano haina nguvu ya kuichora michirizi hiyo. Mawe hayo yako kule Kundelungu, juu ya ardhi, na mtu mwenye gunia anaweza kuyaokota.

Mimi mwenyewe Luizi niliiona kwanza jikoni kwangu. Februari 2000 chombo cha angani cha Endeavour kilizunguka Dunia siku 11 kikiwa na rada, kikapima urefu wa milima na mabonde ya sehemu kubwa ya nchi kavu, na vipimo vyake leo ni bure kwa yeyote. Usiku mmoja umeme uliporudi, kama saa saba, niliwasha kompyuta na kuvuta faili la eneo letu. Likafika, nikalifungua: nusu duara. Upande wa mashariki umekatwa wima kama kwa kisu. Nikadhani nimekosea. Kumbe mafaili yale yamegawanywa kwa digrii, na mstari wa digrii 28 mashariki unapita katikati ya Luizi. Nikavuta la pili, nikayaunganisha, na duara likajifunga: ukingo wa nje, bonde linalouzunguka moyo wake, kisha duara dogo la ndani lenye upana wa kilomita 5 hivi, na katikati yake pameshuka tena. Mke wangu aliamka akauliza kama kuna mgonjwa.

Kesho yake nilipeleka picha hiyo darasani. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumetazama Mirihi, na msichana mmoja wa safu ya nyuma alikuwa ameuliza kwa nini Mwezi una mashimo mengi hivyo na sisi hatuna. Nilimjibu ya kitabuni: mvua, mito, udongo, mabara yanayosogea, Dunia inafuta uso wake, Mwezi haufuti. Sasa nikamwekea picha mbili, ya Mirihi na ya Luizi, bila majina, nikamwomba anionyeshe ipi ni ya kwetu. Alikosea. Darasa zima lilikosea.

Hapo ndipo jibu langu kwa yule bwana linapoanzia. Tarehe 24 Desemba 2021 kipima-mtetemo cha chombo cha InSight, kilichokuwa kimekaa juu ya Mirihi, kilisikia tetemeko la kipimo cha 4. Baadaye kamera za chombo kingine kinachoizunguka sayari hiyo, Mars Reconnaissance Orbiter, zikaona mahali palipokuwa na vumbi tupu pamechimbika shimo la meta 150 hivi, na mabonge ya barafu yametapakaa pembeni. Kimoja kilisikia, kingine kikaona. Picha zile ni za wote. Mwanafunzi wa Katuba akipata intaneti anaweza kuzifungua sawa na profesa wa Marekani. Lakini hakuna binadamu atakayeshuka leo ndani ya shimo lile apasue jiwe la sakafu yake. Anayetaka kujua ardhi hufanya nini inapopigwa hivyo lazima aende kwenye kreta ya Dunia, mahali anapoweza kukanyaga. Mwaka 1970, kabla ya kwenda Mwezini, wana-anga wa Apollo 14 walipelekwa Ujerumani, kwenye kreta ya Ries, wajifunze kuyatambua mawe yaliyopigwa.

Luizi ina somo ambalo Mwezi hauwezi kulitoa kwa shimo la upana kama huo. Hapa Duniani shimo likizidi kilomita 4 hivi haliwezi kubaki bakuli: kingo zinaporomoka, sakafu ya katikati inaruka juu, kisha inalala tena. Kwenye Mwezi, ambako mvutano ni sehemu ya sita ya huu wetu, bakuli hubaki bakuli mpaka karibu kilomita 15 au 20. Yaani shimo la upana kama wa Luizi, lenye maduara mawili pale Kundelungu, kule Mwezini lingeweza kubaki bakuli. Wanaosoma picha za Mirihi, ambayo mvutano wake uko kati ya ule wa Dunia na ule wa Mwezi, wanahitaji mifano ya namna hii, na mifano iliyo wazi ni michache. Umri wa Luizi wenyewe bado haujafungwa. Kinachojulikana ni kwamba ni changa kuliko mawe iliyoyapasua, nayo yana zaidi ya miaka milioni 500. Hiyo ni kazi inayomngoja kijana wa Chuo Kikuu chetu (UNILU). Nisingependa aje kuifanya mtu wa mbali tena, halafu sisi tubebe mifuko yake.

Mheshimiwa, hofu yangu naieleza kwa hesabu. Kare moja ya madini, yaani kipande cha ardhi kinachoombewa kibali cha kuchimba, kwa sheria yetu ni karibu hekta 85. Luizi yote inaingia katika kare zisizofika 270. Katika jimbo hili hilo si eneo kubwa. Ni la kupotea ndani ya faili moja. Najua vibali hutolewa Kinshasa, si mezani kwako. Lakini barua ya Gavana ikifika Kinshasa inasomwa, na ya mwalimu inafungiwa maandazi.

Sitakudanganya kwamba watalii watajaa. Barabara ya kule unaijua, na hata maporomoko ya Lofoi, yanayojulikana kila mahali, wageni wake wanahesabika. Afrika ya Kusini waliiingiza kreta yao ya Vredefort katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005. Ghana wana ziwa Bosumtwi, kreta ya kilomita 10 na nusu, nalo limetambuliwa na UNESCO. Sisi hatuna hata kibao cha mbao.

Ninachoomba ni hiki. Luizi iandikwe rasmi kuwa mali ya kisayansi ya jimbo, na Kinshasa waarifiwe kabla kare ya kwanza haijaombwa. Mawe yake yasitoke bila Chuo Kikuu kujua. Na kwa mwaka huu, lori moja lenye matairi ya kuaminika, pamoja na dereva, kwa siku tano za Julai wakati wa kiangazi, kabla mvua haijafunga njia. Unga wa bukari (ugali) tutachanga wenyewe. Mahema nimeahidiwa na wazazi wawili.

Wanafunzi 14 wameshaandika majina yao. Yule wa safu ya nyuma ndiye wa kwanza kwenye karatasi. Juzi ameniuliza kama abebe nyundo ya baba yake. Nimemwambia aiache nyumbani, alete daftari na rula.

Kwa heshima zote,

Mwalimu wa jeografia, komini ya Katuba