Mheshimiwa Waziri wa Afya, waulize akina mama kwa nini wanaipita zahanati

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Kila wanapokuja viongozi kuzungumzia afya vijijini, tunasomewa idadi ya majengo. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, lengo ni zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi tumechanga, tumesomba mawe na mchanga, tumefyatua tofali. Sijutii hata senti.

Ila mwaka huohuo watafiti walipita hapa Kasulu wakiwauliza wanawake walikojifungulia. Kati ya waliojifungulia kwenye vituo vya afya, zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wameipita zahanati ya jirani wakaenda mbali zaidi. Fikiria hilo, Mheshimiwa. Mama ana uchungu, nauli ya bodaboda kaikopa, njia ni tope la masika, naye anaiona zahanati aliyoichangia na haingii.

Wanawake waliulizwa pia wangependa kujifungulia mahali pa namna gani. Yaliyobeba uzito mkubwa yalikuwa mawili: mhudumu anayewaheshimu, na dawa na vifaa kuwepo. Umbali haukuongoza.

Sisemi wauguzi wetu ni watu wabaya. Nesi aliye peke yake, anayezalisha, anayechanja watoto na kugawa dawa, akikesha usiku wa pili atakuwa mkali hata kama kazaliwa mpole. Na akimwagiza mama akanunue glovu wakati sera inasema huduma ya mjamzito ni bure, atakayetukanwa ni yeye, si bajeti.

Kwamba jambo hili linatibika, Kigoma tunajua. Dk. Godfrey Mbaruku, mmoja wa watafiti hao, alikuwa daktari wa akina mama katika hospitali ya mkoa wetu miaka ya 1980. Yeye na wenzake walichunguza vifo vya wazazi, wakatafuta penye kasoro, wakarekebisha kwa rasilimali zilizokuwepo. Kati ya 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000.

Kitaifa nako tumesogea: 556 katika utafiti wa 2015/16, 104 katika ule wa 2022. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, tunaipiga na gari linakuja, tunashukuru kwa dhati. Lakini gari linamfikisha mama mlangoni tu.

Ombi langu ni dogo. Kwenye rejista ya wazazi ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, katika kila hospitali ya wilaya, iongezwe safu moja: zahanati iliyo karibu na kwa mama huyu ni ipi, na kwa nini hakujifungulia pale. Zahanati ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, hivyo nakuomba ukae na waziri mwenzako wa huko mkubaliane. Majibu yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tuyasikie kwa masikio yetu. Kisha fedha za mwaka unaofuata zianze na zahanati zinazopitwa zaidi: zipate wakunga, dawa na vifaa kabla hatujaitwa kusomba mawe mengine.

Mwananchi wako,
Kasulu, Kigoma