Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, tunakukaribisha sana Kigoma.

Mheshimiwa, wageni wengi wakifika mkoani kwetu huulizia sokwe. Hatuwalaumu. Jane Goodall alianza utafiti Gombe mwaka 1960, Wajapani wakaanza Mahale mwaka 1965, na leo sokwe wetu wanajulikana duniani kwa majina, mmoja mmoja. Sisi tumesimama kumsemea jirani yao asiye na msemaji.

Huyo ni apalisi wa Kungwe. Ni ndege wa kama sentimita 12 tu, mgongo wa kijivu, tumbo jeupe. Hushinda juu kwenye matawi ya misitu ya milimani yenye unyevu, akichokoa wadudu na viwavi, hivyo asiye na subira atamsikia tu bila kumwona. Alitangazwa kisayansi mwaka 1941 na R. E. Moreau, miaka mingi kabla Mahale haijawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Jina amelipata kwetu, kwenye mlima Nkungwe wenye mita 2,462. Zaidi ya hapa yupo Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo, basi. Wapo wataalamu wanaobishana kama ni spishi kamili au ni tawi la apalisi mwingine. Klabu yetu imeshaamua.

Yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na sababu si ya kutafuta. Msitu ukikatwa au moto ukipanda mlimani, yeye hashuki kuja kuishi kwenye mihogo. Wazazi wetu, kwa kuwa mpo, tunawaomba moto wa kusafishia mashamba usiachwe peke yake.

Klabu ina kitalu cha miche nyuma ya jiko la shule, na kinaendelea vizuri isipokuwa mbuzi wakipita. Kinachotukwamisha ni vifaa. Darubini tunaazima, na ikirudishwa kwa mwenyewe tunabaki kukodoa macho. Mahale hatujafika, njia yetu ni ziwani, na mafuta ya boti yanatushinda.

Tunaomba basi darubini nne, kitabu cha kutambua ndege, na msaada wa boti kwa safari moja ya mafunzo. Tukifika, sokwe pia tutawasalimia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.