Vaux naye aliijenga

Ndugu Mhariri,

Miaka 11 nalisoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia. Taarifa ya Jumapili juu ya bustani kubwa za New York imenishinda. Ukurasa mzima ni Olmsted, Olmsted, kana kwamba alizisanifu peke yake. Mwenzake, msanifu Calvert Vaux, hayumo hata kwenye maelezo ya picha, na picha yenyewe ni ya Bow Bridge, daraja alilolisanifu yeye!

Mwaka 1857 Olmsted alikuwa msimamizi wa vibarua Central Park. Msanifu alikuwa Vaux, mzaliwa wa London, na ndiye aliyemfuata mwenzake wakaingia pamoja kwenye shindano la kuisanifu bustani hiyo. Mchoro wao, namba 33, ukashinda mwaka 1858. Prospect Park, bustani yetu ya Brooklyn, ndiyo kabisa: Vaux ndiye aliyeona kuwa barabara ya Flatbush Avenue inalikata eneo vipande viwili, akashauri upande wa mashariki uachwe. Wakati huo Olmsted alikuwa California, kwenye migodi ya dhahabu. Vaux akambembeleza kwa barua mpaka akarudi mwaka 1865.

Mimi hapa Brooklyn namhudumia mzee aliyepita miaka 90. Hali ya hewa ikiruhusu namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, tunapita chini ya tao la Endale, humo Prospect Park. Mle ndani kuna giza, ukutani mbao za njano na za kahawia zimepangwa milia, ubaridi unakupiga usoni. Hatua chache tu, na uwanda wote wa Long Meadow umefunguka mbele yako. Mzee huniambia nisimame hapo kila mara. Mwezi jana tulimkuta muongoza wageni akiwaambia watu wake kwamba Olmsted aliipanga bustani hii peke yake. Nikamwambia kwa adabu, "Samahani kaka, walikuwa wawili." Akakitazama kiti, akanitazama mimi, akajibu: "Yule mwingine alikuwa msaidizi tu, mama." Wageni wakacheka. Mzee wangu, ambaye hasikii vizuri, akaniuliza wanacheka nini, nami nikakosa la kumwambia. Nimelala na neno lile "msaidizi" wiki nne, halafu nafungua gazeti langu mwenyewe nalikuta jambo lile lile!

Tena mwandishi wako anasema Central Park ilianzia "porini". Pori gani? Pale palikuwa na Seneca Village, Waafrika wa Marekani waliokuwa wakinunua viwanja tangu 1825, wakajenga makanisa na shule. Jiji likawatoa wote mwaka 1857.

Naomba masahihisho yatoke ukurasa ule ule, si kule chini kwenye matangazo ya viwanja. Yaandikwe "Vaux na Olmsted", kwa mfuatano huo, herufi za ukubwa mmoja. Na Novemba, mwezi ambao Vaux alikufa maji kwenye ghuba ya Gravesend Bay, hapa Brooklyn, mwaka 1895, mtume mpigapicha. Saa mbili asubuhi nitakuwa na mzee pale taoni, nimwonyeshe pa kusimama.

Msomaji wako,
Brooklyn, New York